Nyumba za Shamba za Unguja: Chokaa, Boriti na Masika

Nyumba ya shamba, kwa matajiri wa Unguja wa karne ya 19, ilikuwa nyumba ya pili ya mtu ambaye tayari ana nyumba mjini. Mjini aliendesha biashara na kuhudhuria baraza ya mfalme. Shamba alikwenda wakati wa mavuno ya karafuu, wakati wa joto kali, au maradhi yalipoingia mjini. Nyumba hizo zilijengwa kwa vitu vitatu vinavyojulikana pwani nzima: mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Leo nyingi ni magofu, na hakuna hata moja iliyofika miaka mia tatu. Kwa nyumba ya mawe huo si uzee. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa hicho hicho, una maandishi ya mwaka 1107 katika ukuta wa kibla, na mpaka leo unasaliwa. Umejengwa kwa mawe yale yale na chokaa ile ile, ila watu wake wameendelea kuutunza na kuutengeneza.

Iliyotangulia kwa ukubwa ilikuwa nyumba ya Mtoni, ufukweni kaskazini ya mji. Shamba lenyewe lilikuwa mali ya Saleh bin Haramil, anayetajwa miongoni mwa watu wa mwanzo kupanda karafuu Unguja, kabla Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, hajalitwaa mwishoni mwa miaka ya 1820. Binti wa Sayyid Said, Sayyida Salme, alizaliwa humo mwaka 1844. Baadaye aliolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, na kumbukumbu zake, zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, ndizo zinazoionyesha nyumba hiyo ikiwa hai: ua mpana wenye tausi, swala na mbuni, safu ya vyumba vya kuogea, na roshani kubwa ya mviringo ya mbao iliyoelekea baharini, ambapo baba yake alikuwa akitembea huku na huko akiwaza. Haikuwa nyumba ya ramani moja. Majengo yaliongezwa kila familia ilipokua, yakaungwa ukuta kwa ukuta, na kila penye kiungo cha namna hiyo pakawa mahali pa maji kupenya miaka ya mbele.

Zikafuata nyingine. Sayyid Said alianza kujenga Beit el Ras mwaka 1847, akafa mwaka 1856 haijaisha. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed, mtawala wa wenyeji, alijenga kasri lake Dunga, katikati ya kisiwa, katika miaka hiyo hiyo. Khalid bin Said, mpenzi wa mambo ya Kifaransa, aliliita shamba lake Marseille. Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyejenga kuliko wote: Marahubi, Chuini, na Chukwani, ambako mwaka 1879 alitandika reli ndogo kutoka mjini. Chini ya hawa walikuwapo wenye mashamba wa kawaida, ambao nyumba zao hazikuandikwa popote. Nyumba hizo ndogo, za ghorofa moja au mbili, zenye baraza mbele na sakafu ya kuanikia karafuu ubavuni, ndizo zilizokuwa nyingi.

Namna ya kuzijenga haikuletwa nzima kutoka Omani. Waashi wa pwani walikuwa wakijenga kwa matumbawe na chokaa karne nyingi kabla, na Kilwa, Gedi na Songo Mnara ni ushahidi wa kutosha. Waomani waliongeza kimo, ukubwa wa ua na kuta nene zilizo wazi bila mapambo mengi kwa nje. Juu yake wakaendelea na paa tambarare. Maskati paa la namna hiyo halina shida, kwa kuwa mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 100. Unguja hunyesha takriban milimita 1,600, na sehemu kubwa yake huja katika miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei. Paa la nchi kavu likawekwa chini ya anga la nchi ya mvua, na historia yote ya ukarabati wa nyumba hizi inaanzia hapo.

Ukuta wake una unene wa nusu mita na zaidi. Ndani yake hamna matofali yaliyopangwa kwa mstari bali mawe ya maumbo mbalimbali, yaliyolazwa katika udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa. Mwashi hodari alijulikana kwa kutomea, yaani kujaza vijiwe vidogo katika kila pengo kati ya mawe makubwa, kwa sababu pengo lililoachwa huwa njia ya panya, ya mchwa na ya maji. Juu ya ukuta hulazwa boriti. Mkoko haukui ukawa mrefu na mnene kwa pamoja, na boriti ndefu hupinda chini ya mzigo, kwa hiyo upana wa chumba haukuzidi sana mita 3. Ndiyo sababu vyumba vya Unguja, Lamu na Mombasa ni virefu na vyembamba, na hata vya Maskati na Basra, maana majahazi yalibeba boriti za pwani hii, hasa za Rufiji, mpaka huko. Nguzo ya mti wa bwawani ndiyo iliyoamua mtu alale katika chumba cha umbo gani.

Chokaa ilitengenezwa papo hapo shambani au ufukweni. Magogo ya minazi na kuni nyingine yalipangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, mpaka yakafanya jukwaa. Juu yake yakarundikwa vipande vya matumbawe, kisha moto ukawashwa katikati. Tanuri likiungua liliporomoka lenyewe, na asubuhi pakawa na lundo la majivu na mawe meupe yaliyokuwa mepesi kuliko yalivyopandishwa. Yakimwagiwa maji yalitoa mvuke na kupasuka yakawa unga. Fundi mwenye subira hakuutumia unga huo siku hiyo. Aliuacha nje upigwe na umande na mvua miezi kadhaa, kwa kuwa punje isiyoiva ikiingia ukutani huvimba baadaye na kuisukuma lipu idondoke. Mwenye nyumba aliyepanga kukarabati mwakani alichoma chokaa mwaka huu.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa ya sakafu, neno ambalo kwa mafundi wa zamani lilitaja paa la juu vilevile na ardhi ya chumba. Juu ya boriti zilizokaribiana vilipangwa vijiwe bapa, kisha ukamwagwa mchanganyiko mzito wa chokaa, mchanga mwekundu na kokoto za matumbawe. Hapo ndipo watu walipoitwa. Walikaa safu, wengi wao wanawake, kila mmoja na kipande cha ubao mkononi, wakaipiga sakafu kwa mpigo mmoja huku wakiimba, maji yakinyunyizwa kila uso ulipoanza kukauka. Kupiga huko kuliendelea kwa siku nyingi. Kipigo kilitoa hewa, kikashindilia kokoto, kikaleta ute wa chokaa juu, na ute huo ulipolainishwa kwa mwiko ukawa ngozi isiyopitisha maji. Nyimbo zenyewe zilikuwa na kazi: walioimba pamoja walipiga pamoja, na sakafu isiyopigwa sawasawa ilikuwa na mabaka laini ambayo masika ya kwanza yaliyagundua upesi.

Hata ikipigwa vizuri, ngozi hiyo hupasuka. Jua la adhuhuri huitanua, ubaridi wa usiku huikaza, na boriti zilizo chini hutikisika kidogo kila mtu anapopita. Ufa wenye upana wa unywele unatosha. Maji yakishuka ndani hayadondoki mara moja, bali hunywewa na tabaka nene la chokaa kama sifongo na kukaa humo wiki nyingi, yakiipa boriti unyevu usiokauka. Sehemu inayooza kwanza haionekani, nayo ni ule mkono wa boriti uliozama ndani ya ukuta, mahali pasipofika upepo. Mwenye nyumba hutazama juu akaona boriti nyeusi, ngumu, nzima, kumbe ncha zake zimeshakuwa unga. Kwa hiyo nyumba ya mawe ya Unguja huanza kufa kichwani. Kuta hubaki zimesimama miaka na miaka baada ya paa kuanguka, na anayeliona gofu hudhani lilibomolewa.

Kinga yake ilikuwa desturi ya kila mwaka. Kabla ya masika mtu alipanda juu, akafagia majani ya miembe na kinyesi cha ndege, akazibua milizamu inayotoa maji nje ya ukuta, akatafuta nyufa na kuzijaza chokaa laini. Aling'oa miche. Mbegu ya mtini mwitu iliyoachwa na ndege katika ufa huota kwa umande tu, na mzizi wake ukishashika ukuta hauwezi kung'olewa bila kuondoka na mawe. Mche wa mwezi mmoja unang'oka kwa vidole viwili. Baada ya mvua kuta zilipakwa chokaa upya nje na ndani. Wageni wengi walioandika kuhusu Unguja walisifu weupe wa nyumba wakidhani ni pambo. Ulikuwa koti la mvua, kwa kuwa kila mkono mpya wa chokaa uliingia katika nyufa ndogo za ule wa zamani na kuziziba. Ukuta wa matumbawe hunywa maji na kuyatoa, na chokaa huruhusu yote mawili.

Mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya watumwa kwa sehemu kubwa, jambo ambalo simulizi za fahari ya majumba hupenda kulipita haraka. Watumwa walibeba mawe, walikata kuni za tanuri, walipiga sakafu, na wale wa shambani ndio waliopanda juu kila mwaka mwenye nyumba akiwa mjini. Gharama ya utunzaji haikuonekana katika daftari la mtu yeyote. Ilipoanza kuonekana, nyumba zikaanza kuanguka.

Mapigo yalikuja kwa zamu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, huku Pemba ikinusurika. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na katika miaka hiyo wenye mashamba wengi waliishi kwa mikopo kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, dhamana ikiwa shamba na nyumba yake. Mwaka 1897 utumwa ukafutwa kisheria. Tangu hapo kuzibua mlizamu kulihitaji mtu wa kulipwa, na mwenye deni hulipa kwanza palizi ya karafuu, ambayo isipofanyika mavuno hupotea mwaka huo huo. Sakafu inayovuja huweza kungoja mwaka mwingine. Ikangojeshwa mara moja, ikangojeshwa tena. Mirathi nayo ilifanya yake. Nyumba iliyorithiwa na watu kumi kwa mafungu ilikuwa na wenyewe kumi wa kudai kodi na hakuna wa kununua chokaa.

Si zote zilizokufa polepole. Marseille ilipata kifo cha vita. Mwaka 1859 Barghash, akitaka kumpindua ndugu yake Majid, alijifungia humo pamoja na wafuasi wake. Majeshi ya Majid na wanamaji wa Kiingereza wakaiendea kwa mizinga, na nyumba iliyojengwa kwa ajili ya raha ikaachwa imetobolewa. Marahubi, iliyomalizika mwaka 1882, iliungua mwaka 1899. Ujenzi wake ulirahisisha moto, kwa kuwa ghorofa ya juu na roshani pana iliyoizunguka zilikuwa za mbao, zikibebwa na nguzo nene za mawe. Moto ulikula kila kilichobebwa ukaacha vibebaji, na nguzo hizo, zilizopangwa kwa safu katikati ya minazi bila kushika kitu, ndizo zinazoonekana leo. Marumaru za vyumba vya kuogea ziliibwa. Beit el Ras ikawa machimbo, maana inasimuliwa kwamba mawe yake yalitumika katika reli ya Bububu iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Dunga ilikosa mwenyewe baada ya Mwinyi Mkuu wa mwisho kufa mwaka 1873, ikazungukwa na hadithi za damu iliyochanganywa katika chokaa ili kuta ziwe imara. Kama ndivyo, haikusaidia.

Mwishoni mwa karne ya 19 ulikuwapo uvumbuzi mmoja uliotatua tatizo la paa: kulifunika. Wengine walisimamisha paa la makuti juu ya sakafu tambarare, wengine wakanunua mabati yaliyoletwa na meli. Mjini mabati yalishinda kabisa, na picha za zamani za mji zenye sakafu nyeupe tupu hazifanani na za baadaye zenye migongo ya bati. Shambani mambo yalikwenda nusunusu. Makuti huhitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache na hushika moto. Bati hushambuliwa na upepo wa chumvi, na likitoboka huvuja mahali pamoja, mfululizo, juu ya sakafu ambayo hakuna anayeikagua tena kwa kuwa imefunikwa. Hata hivyo nyumba iliyopata bati zuri iliongezewa umri mkubwa. Pasipokuwa na bati, kila ufa ulitibiwa kwa kumwaga tabaka jipya la chokaa juu ya la zamani. Baada ya miaka hamsini sakafu ilikuwa imenenepa maradufu, na boriti zilizodhoofika zikabebeshwa mzigo usiokuwapo zilipokuwa changa. Nyumba kadhaa ziliuawa na matengenezo yake.

Saruji ilifanya hivyo kwa njia nyingine. Ilianza kutumika Zanzibar katika enzi ya Waingereza, ikawa rahisi kupatikana zaidi baada ya kiwanda cha Wazo Hill, karibu na Dar es Salaam, kuanza kazi mwaka 1966. Fundi aliyeona ukuta unaovuja jasho alifanya jambo lililoonekana la akili: alibandua lipu ya chokaa iliyolegea, akapiga ya saruji. Mwaka wa kwanza ukuta ulikuwa mkavu na mgumu kama mwamba. Lakini unyevu unaopanda kutoka ardhini haukukoma, ulizuiwa tu kutoka, ukapanda juu zaidi kutafuta njia mpaka ukafika kwenye boriti. Chumvi ya matumbawe iliyeyuka ndani yake, ikaganda nyuma ya saruji, ikasukuma. Baada ya masika machache lipu hiyo hujitenga na ukuta. Ikigongwa kwa kidole hutoa sauti ya debe tupu, na ikiondolewa huanguka kama bamba zima, likiwa limeng'ang'ania uso wa mawe. Nyuma yake udongo wa ukuta humwagika kama mchanga mkavu.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadilisha umiliki wote. Mashamba makubwa yalitaifishwa, ardhi ikagawiwa kwa wananchi eka tatu tatu, na nyumba iliyokuwa kitovu cha shamba ikabaki katikati ya vipande ambavyo haikuvihusu tena. Aliyepewa eka tatu alipata mikarafuu na minazi ya kulisha watoto wake. Hakupewa, wala hakuomba, jukumu la kupiga sakafu ya tajiri. Zilizopewa kazi mpya ndizo zilizosalimika. Kasri la Kibweni, lililojengwa mwaka 1915 na kutumiwa na Sultani Khalifa bin Harub kama nyumba yake ya shamba, likawa la serikali na likaendelea kupakwa rangi. Zilizoachwa wazi zilivuliwa milango kwanza, kisha madirisha, kisha boriti zilizo nzima, na mwisho mawe.

Elimu ya kuzikarabati ilinusurika kupitia mji. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na miaka ya 1990 Shirika la Aga Khan lilipolitengeneza jengo la Zahanati ya Zamani lililo mbele ya bandari, mafundi vijana walijifunza upya kuloweka chokaa na kutomea. Mbinu hizo ni zile zile za shamba. Kubadilisha boriti moja ni kazi ya subira: sakafu hushikiliwa kwa nguzo za muda chini yake, ncha iliyooza hukatwa, na matundu mawili ya ukutani husafishwa. Boriti mpya ni ndefu kuliko upana wa chumba, kwa hiyo tundu la upande mmoja huchimbwa kina zaidi. Boriti husukumwa humo mpaka mwisho, huinuliwa ikae sawa, kisha hurudishwa nyuma iingie tundu la pili. Ncha hupakwa lami au mafuta, na nafasi inayobaki hujazwa chokaa na vijiwe, bila kubanwa sana, ili mti upumue. Nguzo za muda hazitolewi siku hiyo. Chokaa hukauka kwa wiki, si kwa saa, na wenye nyumba wengi hushindwa hapo, kwa kuwa saruji inawaahidi kuhamia Ijumaa.

Malighafi nayo imekuwa ngumu kupatikana. Matumbawe hai hayakatwi ovyo tena, kwa sababu mwamba wa baharini ni nyumba ya samaki na ukuta wa kuzuia mawimbi, na ukataji wa mikoko unadhibitiwa. Mawe ya kukarabatia gofu moja mara nyingi hutoka katika gofu jingine.

Katika magofu hayo kuna jambo moja linalojirudia. Kidichi, mwaka 1850, Sayyid Said alimjengea mkewe, binti wa kifalme kutoka Uajemi, bafu lenye nakshi za maua na ndege katika lipu. Nyumba ya mapumziko iliyokuwa jirani haipo tena, bafu lipo na paa lake. Kizimbani ni vivyo hivyo. Marahubi na Mtoni, ambako vyumba vya kulala vimebaki anga tupu, vyumba vya kuogea bado vinatambulika. Wajenzi hawakuvipenda zaidi ya vyumba vingine. Bafu la mvuke halivumilii mti, hivyo paa lake lilijengwa kuba kwa mawe na chokaa bila boriti hata moja, na lipu yake ilitengenezwa tangu mwanzo ikabiliane na maji kutoka ndani. Mvua ya Unguja ilipoliangukia kwa nje, kuba liliiteremsha ubavuni, na hapakuwa na ncha ya mti ukutani ya kuozesha.